Nani Alipima Mwili Wetu?

Katika mikutano yetu ya utamaduni kuna neno moja lenye kurudi kila mara: bamama warudi kwa kitenge. Wazee wanalisema, vijana wanapiga makofi, na mwenye kuandika ripoti anaandika kwamba mila imelindwa. Nafasi hii niliyopewa ya kuandika juu ya mavazi nitaitumia kwa kubisha. Kitenge chenyewe sina neno nacho, ninakivaa kila juma. Ninabishia wazo kwamba mwanamuke wa Kenya (Kenya yetu ya Lubumbashi, ya soko na ya kiwanja cha Kibassa Maliba, hapana ile nchi ya Nairobi) ananunua robo na pantalo kwa sababu amesahau kwao. Ananunua akitafuta kintu kimoja cha wazi: nguo yenye kumukaa vizuri. Na kintu hicho hakipatikani kwa urahisi, si katika butiki ya mujini, si katika balo, na tuseme kweli, si kwa fundi pia.

Muangalie siku ya kufungua balo sokoni. Bamama wanainama juu ya kilima cha nguo zilizotoka Uingereza, Ufaransa, Italia, Marekani, Kanada, zikapita bandari na Zambia na Kasumbalesa mupaka zikafika kwetu. Wazambia wanaziita salaula, Wakenya na Watanzania wanaziita mitumba. Katika kilima kimoja unaweza kukuta robo ine zenye etiketi tofauti: moja 12, moja 40, moja 8, moja 44. Ni taye moja! Mwingereza anaandika 12, Mufaransa 40, Mwamerika 8, Mwitalia 44. Na ukikuta 40 nyingine bila kujua nchi yake, unaweza kubeba nyumbani nguo ya Kifaransa ukifikiri ni ya Kiitalia, na tofauti yake ni taye mbili nzima. Tena kuna za China zenye herufi tu, XL ambayo haipiti kwenye mabega ya musichana wa sekondari. Muuzaji yeye hana shida: "Itaingia tu, mama, iko elastike, itavutika." Ukirudi kesho yake na nguo isiyoingia, jibu iko tayari: "Ni weye njo ulinona."

Neno hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Nguo ikikataa, ni mwili unaopewa kosa. Nimesikia wasichana wa miaka kumi na saba wakisema "niko na taye mubaya", kama vile mutu anavyosema niko na ugonjwa. Wasichana wenye afya, wenye kutembea, wenye kucheza! Wanaamini namba iliyoshonwa ndani ya shingo ya nguo kuliko macho ya mama zao. Basi tuulize swali ambalo hakuna anayeuliza sokoni: namba hiyo ilitoka wapi? Nani alipimwa?

Jibu liko wazi kwa sehemu. Mwaka 1939 na 1940 serikali ya Marekani, kupitia wizara yake ya kilimo, ilipima karibu wanawake 15,000 ili kupata kipimo kimoja cha kushonea nguo. Mapimo ya wanawake wasio wazungu hayakuingizwa katika hesabu. Kazi hiyo ilizaa kipimo cha serikali mwaka 1958, na kipimo hicho kikaondolewa mwaka 1983, kwa maana wanawake wenyewe wa kule nguo hazikuwakaa. Tangu pale kila shirika linaandika namba linayotaka. Wengine wanapunguza namba makusudi, ili mun):unuzi ajione mwembamba na afungue mufuko. Kwa hiyo 12 ya zamani na 12 ya leo ni nguo mbili tofauti, na katika balo zinalala pamoja.

Tena kuna mambo ya kiwanda. Kule wanakata nguo moja ya mufano, kisha wanaikuza hatua kwa hatua, mara nyingi santimetre ine kwa kila taye, kifua na kiuno na makalio vyote pamoja. Yaani wanahesabu kwamba mwanamuke akiongezeka makalio, kiuno kinaongezeka sawasawa. Dada, wewe mwenyewe unajua. Jipu inapita vizuri kwenye makalio, halafu nyuma ya kiuno inabaki mwanya wa kuingiza ngumi. Na kitambaa kinakatwa kikiwa kimepangwa tabaka nyingi chini ya kisu kimoja, kisu kikienda upande kidogo, nguo ya juu na nguo ya chini zinatofautiana hata kama etiketi ni moja. Mutu aliyenunua pantalo mbili za namba moja akashangaa, asishangae tena.

Hapo ndipo wazee wangu wanasimama, kwa heshima yote, na kusema: njo maana tunasema kitenge. Kitenge hakina taye. Mwenye mimba anajifunga, aliyekonda kwa ugonjwa anajifunga, mama anaachia binti. Ni kweli, na ni akili kubwa. Lakini tusidanganyane juu ya mila. Wax ni mufano wa batiki ya Java ambayo Waholanzi waliiga kwa mashini; kiwanda cha Vlisco kiko Helmond tangu 1846. Na libaya tunayovaa juu, yenye mikono na shingo iliyokatwa, bibi zetu wengi waliijifunza kushona katika foyer za makambi ya Union Minière, mbele ya masista na mabibi wazungu. Hainipunguzii mapendo yangu kwa libaya. Inaonyesha tu kwamba nguo yetu ilikuwa daima kintu cha kuchagua na kupima, na anayesema "vaa hii kwa sababu ni ya asili" hajaangalia imetoka wapi.

Na sisi tunakumbuka yale yanayotokea wanaume wakikata shauri juu ya nguo ya wanawake. Siku za Mobutu, katika authenticité, suruali na sketi fupi na wigi vilikatazwa, kitenge kikawa amri. Wanaume walipewa abacost. Tai ilirudi kwa ruhusa tarehe 24 Aprili 1990, katika ile hotuba ya kumaliza chama kimoja. Mwaka 1997 askari wa AFDL walipoingia Kinshasa, wanawake wenye pantalo walisumbuliwa njiani tena. Kila mara mwili wa mwanamuke ndio ulikuwa bendera. Hakuna aliyemuuliza kama nguo inamukaa.

Sasa nije kwa bafundi, maana najua wengine walikuwa wanafurahi kusoma mupaka hapa. Wanasema: mama, acha balo, njoo kwetu, sisi tunapima. Munapima kweli? Wengine munaangalia tu. "Nimekwisha kuona, mama, wewe ni kama madame wa jana." Mapimo yanaandikwa kwenye kipande cha karatasi ya sukari, karatasi inapotea, na libaya inakatwa kwa kukumbuka. Mteja analeta wax ya yadi sita, ambayo labda aliipata kwa zamu yake ya likelemba, na kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi kuwa kitambaa. Mabaki yanakwenda wapi, tunajua, tunayaona kwenye nguo ya mutoto wa fundi. Na ile "kesho" yenu! Ndoa imepita, kilio kimepita, nguo inatoka Jumatatu. Umeme unakatika, ni kweli, lakini umeme haukatazi kuandika katika daftari.

Ninasema hivi kwa ukali kwa sababu fundi ndiye mutu pekee katika hadithi hii anayeweza kugusa mwili wa mama kwa metre na kusema ukweli wake bila kumutukana. Fundi mwema anapima kifua, kiuno, makalio, urefu wa mugongo, mukono, na anamwambia mama avae sutie ile atakayovaa siku yenyewe, maana kifua kinabadilika. Anaacha nafasi ya vidole viwili ili mama apumue na ale kwenye karamu. Kwa kitambaa cha bei anakata kwanza mufano katika shuka ya zamani. Hiyo ndiyo mila ninayotaka shirika letu lilinde: mukono wenye kupima. Na wale wa retushe, wanaokaa na mashini ya miguu karibu na wauzaji wa balo, wasidharauliwe. Kupunguza kiuno cha jipu ya Italia ili ikae kwenye mwili wa Kenya ni ufundi kamili, tena wanaufanya kwa saa moja mama akingoja.

Kwa bamama nina neno pia. Kuna ile hila ya kuzungushia kiuno cha pantalo kwenye shingo: ikifika, itafika na kiunoni. Inafanya kazi kwa mutu ambaye kiuno chake ni mara mbili ya shingo, na sisi wengi hatuko hivyo. Kujaribia chini ya kitenge huku rafiki ameshika ncha, macho ya soko nzima yakiwa juu yako, ni haraka mno kwa kuona kama unaweza kuinama na kukaa. Ujue mapimo yako matatu kwa santimetre, uyaandike katika telefone kama unavyoandika numero ya dada yako. Kisha upime nguo yenyewe, ikilala mezani: upana wa kifua mara mbili, kiuno mara mbili. Uangalie mushono wa ndani, kama kitambaa kimebaki cha kufungulia. Etiketi uiache iseme inachotaka.

Na kwa kamati ya shirika, badala ya azimio lingine juu ya kitenge, naomba mambo mawili. Muende kwa wakubwa wa soko kuomba pazia tatu na fimbo za kuzishikilia, mahali mwanamuke anaweza kujaribia nguo bila kuonwa. Wauzaji wenyewe wanaweza kuchanga. Halafu muite waalimu wa koupe-kutire, na kwa ruhusa ya wanawake wenyewe, bila majina, wapime wanawake wa Kenya, wa Katuba, wa Kamalondo, wa kila umri, waliozaa na wasiozaa, ili wanafunzi wakate kwa miili wanayoiona njiani. Mwaka 2002 kilitoka Paris kitabu kizima juu ya wanawake, mode na muziki wa Lubumbashi. Walijua kwamba jambo hili linastahili karatasi. Sisi tunahitaji karatasi moja tu, yenye santimetre.

Wakati tunangoja, metre ya kushonea inauzwa katika soko ya Kenya pale pale wanapouza sindano na uzi, na inaingia katika mufuko wa mukono.