Mbwa Langoni: Iulizwe Kazi, Si Kimo

Katika mitaa mingi ya miji ya Kenya, neno 'mbwa' huonekana langoni kabla mwenyewe hajasikika akibweka. Kibao huandikwa 'Mbwa Kali', na walimu wa Kiswahili hawajachoka kukisahihisha: ngeli ya A-WA hutaka 'mbwa mkali'. Sahihisho hilo ni la haki, lakini linaacha jambo zito bila kuguswa. Kibao hicho, kiwe na sarufi au kisiwe nayo, humfunza mpita njia kwamba mbwa amewekwa langoni ili watu wasiingie. Methali nayo hukaza fundo kutoka upande wa pili: ukicheza na mbwa, atakufuata hadi msikitini. Kwa mujibu wa kibao, mbwa humzuia mtu asiingie. Kwa mujibu wa methali, mtu anapaswa kumzuia mbwa asiingie. Katika semi hizi mbili hakuna iliyomkumbuka mtu ambaye bila mbwa hawezi kuingia popote.

Mtu huyo yupo, na mahali pazuri pa kumtazama ni langoni mwa bustani kubwa za burudani za Marekani, ambako umati, kelele, joto na foleni humtia majaribuni hata mwenye viungo vyote. Chukua mfano wa bustani ya Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998 karibu na mji wa Orlando, jimboni Florida. Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu yake ya kuikumbuka bustani hiyo. Ndani yake kimejengwa kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki, ambacho wabunifu wake walichota sura ya majengo yake kutoka Lamu, wakakipa jina la Harambe. Yaani 'harambee' iliyopungukiwa na irabu moja. Kuta zake zimeandikwa maneno ya Kiswahili, na safari ya kutazama wanyama inayoanzia hapo imepewa jina la Kilimanjaro. Kiswahili, basi, kimekwisha kuvuka lango hilo kama pambo. Mbwa wa huduma naye hulivuka kama mfanyakazi. Ajabu ni kwamba lugha iliyopamba kuta hizo bado haijampa mfanyakazi huyo jina lililozoeleka vinywani mwa watu.

Ili hoja ieleweke, ni muhimu kwanza kumfahamu mbwa mwenyewe. Wengi wakisikia habari hizi humfikiria mbwa anayemwongoza mtu asiyeona. Fikira hiyo ina historia yake. Shule ya kwanza ya kuwafundisha mbwa wa namna hiyo ilifunguliwa mjini Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofushwa na Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1928 kijana Mmarekani asiyeona, Morris Frank, alirejea kwao kutoka Uswisi pamoja na mbwa wake Buddy, na mwaka uliofuata shirika la The Seeing Eye likaanzishwa nchini Marekani. Hata hivyo, kazi za mbwa zimepanuka mno tangu wakati huo. Yupo anayemtahadharisha kiziwi kwa sauti asizozisikia, yupo anayevuta kiti cha magurudumu, yupo anayeokota kilichoanguka, na yupo anayemlinda mwenye kifafa wakati wa mshtuko.

Miongoni mwao yupo pia yule ambaye kazi yake ni ukubwa wake. Hebu afikiriwe mama wa makamo ambaye maradhi ya mishipa ya fahamu yamempokonya uwezo wa kusimama wima bila kuyumba. Mkongojo humsaidia, lakini mkongojo hauhisi anapoanza kuanguka. Mbwa wa aina ya Great Dane huhisi. Dume la aina hiyo hufikia kimo cha sentimita 76 hadi 81 begani, na uzito wake hupita kilo 60. Akivalishwa mkanda wa mwilini wenye mpini, mkono wa mama huyo huupata mpini bila yeye kuinama. Akiyumba, mbwa husimama imara kama nguzo. Mbwa mdogo wa kupakatwa hawezi kazi hiyo hata angefunzwa na bingwa gani. Anayesema, "Mwache huyu mkubwa nyumbani, uje na mdogo," ni sawa na anayemwambia mwenye gongo alikate katikati kwa kuwa linachukua nafasi.

Hapo ndipo penye hoja ya makala haya. Mbwa mkubwa akifika langoni, swali la haki linahusu kazi yake. Kimo chake, aina yake na hofu anayowatia watazamaji ni mambo ya baadaye, na mara nyingi si mambo kabisa.

Sheria ya Marekani inayohusu watu wenye ulemavu, iliyotiwa sahihi mwaka 1990, inataja waziwazi bustani za burudani miongoni mwa mahali pa umma pasipopaswa kumbagua mtu. Kanuni zake zilizoanza kutumika Machi 2011 zinamwelekeza bawabu kwa uwazi wa kupendeza. Ikiwa kazi ya mbwa haijidhihirishi, anaruhusiwa kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefunzwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kuuliza mgeni anaugua nini, kudai cheti, kutaka mbwa aoneshe ufundi wake, wala kutoza ada ya ziada. Mbwa ambaye faida yake ni kumliwaza mwenyewe kwa kuwapo tu hahesabiwi. Sharti awe amefunzwa kazi mahususi.

Kanuni hizo zina jambo moja ambalo wapinzani wa mbwa wakubwa wangefaa kulitafakari. Mbali na mbwa, zinamtambua farasi mdogo aliyefunzwa kazi, na kwake yeye zinaruhusu mahali husika papime aina, kimo na uzito wake kabla ya kumkubali. Kwa mbwa, kipimo hicho hakikuwekwa. Waandishi wa kanuni walijua kutaja ukubwa walipotaka kuutaja. Kwa mbwa walitaja mwenendo: awe chini ya mamlaka ya mwenyewe, na awe amezoeshwa kutochafua ndani. Akivunja masharti hayo anaweza kutolewa, lakini mtu wake ana haki ya kubaki na kuhudumiwa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba lango likifunguka kila kitu kimefunguka. Katika bustani hiyohiyo upo mchezo wa Expedition Everest, ambao magari yake ya reli hupanda mlima wa kuundwa kisha yakaporomoka kwa kasi. Mbwa haruhusiwi humo, na si haki kulalamika. Hakuna mkanda uliobuniwa wa kumfunga Great Dane katika kiti cha gari la namna hiyo. Vilevile, panapofugwa wanyama ambao ni mawindo ya mbwa au maadui wake, sheria hukubali azuiliwe iwapo kuwapo kwake kutawatia wanyama hao taharuki. Walioandamana na jamaa hupokezana: mmoja hupanda huku mwenzake akibaki na mbwa, kisha hubadilishana bila kupanga foleni upya. Wahudumu wa bustani hawashurutishwi na sheria kumshika au kumtunza mbwa. Kwa hiyo aliyekuja peke yake huenda akautazama mlima kutoka chini. Hiyo ni hasara ya kweli, lakini ni hasara iliyotokana na hesabu ya usalama wa chombo fulani. Haifanani na ya mtu aliyerudishwa kutoka langoni kwa sababu bawabu ameshtushwa na ukubwa wa kichwa cha mbwa.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zinastahili kujibiwa. Wa kwanza husema kwamba watoto wataogopa na wenye mzio watadhurika. Msimamo wa sheria ni kwamba hofu na mzio si sababu za kumnyima mtu nafasi. Dawa yake ni kuwatenganisha watu hao kwa umbali, na bustani yenye eneo la kutembelewa kutwa nzima haikosi umbali. Wa pili husema kwamba maswali mawili bila cheti ni mlango wazi kwa walaghai. Hoja hii ina uzito. Wapo wanaomvalisha mbwa wao wa nyumbani koti la kazi ili waingie naye. Lakini mlaghai huyo humwumiza kwanza mwenye haja, maana mbwa wake asiyefunzwa akibweka na kuruka, anayetiliwa shaka kesho ni mbwa wa yule mama. Florida iliyajibu hayo mwaka 2015 kwa kumwadhibu mdanganyifu, ambaye miongoni mwa adhabu zake ni saa 30 za kazi ya kujitolea katika shirika linalowahudumia watu wenye ulemavu. Hilo ni jibu lenye busara: aadhibiwe mwongo, wala mkweli asilazimishwe kufunua maradhi yake mbele ya foleni.

Wa tatu husema kwamba ukubwa haukosi kuwa hoja mahali popote. Naam, upo mahali ambapo ni hoja. Kanuni za Marekani za usafiri wa ndege, zilizoanza kutumika Januari 2021, zinaruhusu shirika la ndege kutaka mbwa aenee katika nafasi ya miguu ya abiria. Mwenye Great Dane anaweza basi kupata taabu kubwa zaidi angani kuliko langoni mwa bustani. Lakini ndege ina sentimita zinazohesabika, nayo bustani ina viwanja. Kipimo cha ndege hakifai kubebwa hadi mahali penye nafasi ya kuutosha umati.

Wa nne humtetea mbwa mwenyewe. Huyu asipuuzwe. Jua la Florida huikaanga sakafu ya saruji, na nyayo za mbwa hazina viatu. Fataki za usiku na watu waliovalia sura za wanyama huweza kumtisha hata aliyefunzwa vyema. Mwenye mbwa ana wajibu wa kubeba maji, kumpumzisha kivulini, kumpeleka mahali palipotengwa kwa haja zake, na kuondoka mapema mbwa akionyesha kuchoka. Anayedai haki ya kuingia na mfanyakazi wake hana budi kumtendea mfanyakazi huyo haki.

Huenda msomaji akauliza: haya ya Florida yanaihusu nini jamii ambayo mbwa hubaki nje? Jibu linapatikana katika methali yenyewe. Mwaka 2008, mjini Leicester, Uingereza, kijana Mwislamu asiyeona aliyeongozwa na mbwa alitaka kuhudhuria sala. Wanazuoni walilitazama suala lake, wakaruhusu mbwa amfikishe msikitini, akatengewa pahali pake pa kungoja karibu na mlango huku mwenyewe akiingia kusali. Unadhifu wa mahali pa sala ulihifadhiwa, na kijana hakukosa sala. Mbwa alimfuata mtu msikitini kwelikweli, na hakuna kilichoharibika. Methali haikubatilishwa; ilionekana tu kwamba ilitungwa kwa ajili ya mbwa wa kuchezewa, na huyu hakuwa wa kuchezewa.

Kazi ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili inaanzia hapo. Lugha hii imewahi kuifanya safari ya namna hii kuhusu watu. Kwa muda mrefu 'kipofu', 'kiziwi' na 'kiwete' yalipewa umbo la KI-VI, ambalo ni umbo la vitu. Wataalamu walipolihoji, matumizi ya 'mtu asiyeona' na 'mtu mwenye ulemavu' yakapata nafasi madarasani, magazetini na katika nyaraka za serikali. Maneno hayo hayakumpa mtu macho wala miguu, lakini yalibadili namna anavyopokewa ofisini. Kuhusu mbwa, msingi upo tayari. Kiswahili hakijawahi kuwaona mbwa wote kuwa mamoja: kina mbwa koko, mbwa wa kuwinda, mbwa wa ulinzi na mbwa wa polisi. Wote hao, isipokuwa koko asiye na ajira, wametajwa kwa kazi zao. 'Mbwa wa huduma' ni tawi la mti huohuo, nalo laweza kumjumuisha 'mbwa mwongozi' wa asiyeona na 'mbwa mhimili' wa anayeyumba. Yajadiliwe maneno haya, yakosolewe, yaboreshwe, kisha yaingizwe katika kamusi, katika vitabu vya shule na katika mafunzo ya mabawabu.

Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, vyombo vya usafiri wa umma na habari kwa njia zinazofaa. Ibara husomwa na mawakili, ilhali lango hushikwa na bawabu, na bawabu hufikiri kwa maneno aliyonayo. Siku mgeni mwenye mbwa mkubwa atakapofika mbele yake, katika hoteli ya Mombasa au bustani ya Nairobi, akiwa na neno 'mbwa' peke yake atakumbuka kibao, naye ataufunga mlango. Akiwa na neno 'mbwa wa huduma', huenda akauliza, "Amefunzwa kazi gani?" Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Anayelifunga lango leo hajui kesho atalifikia akiwa ameshika mpini wa nani.