Tumeuacha Mdomo Ulivyo

Neno la mhariri

Jumamosi moja jioni, Katuba, mtaa wa Lubumbashi, umeme ulikuwa umekatika tangu adhuhuri na hakuna aliyeuliza utarudi lini. Viti vya plastiki vilipangwa uani, chupa za Simba zikatiwa kwenye ndoo ya maji, na wachekeshaji wawili wakasimama mbele yetu bila jukwaa wala kipaza sauti. Mmoja mtu mzima, mwingine kijana anayemwita yaya kwa heshima ya ukubwa wake. Kijana alikuwa na simu mkononi, anasoma habari za siku hiyo.

— Yaya, banasema mulozi moya alianguka ku paa ya nyumba, uchi kabisa.

— Alitoka wapi?

— Kinshasa.

— Kumbe hata ku ndege ya balozi banapotezaka mizigo ya bantu!

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ajue kwamba kwetu mulozi ni mchawi, na wakiwa wengi ni balozi. Katuba inajua pia kwamba huko kwenu balozi ni mtu wa bendera na gari la serikali. Kwa hiyo kicheko kilikuja mara mbili: kwanza cha uchawi, halafu, kwa wale waliochelewa kidogo, cha wakubwa wanaosafiri kwa fedha za wengine. Kisha yaya akauliza, huyo wa kwanza kumwona mulozi, aliona nini?

— Aliona shemine ya Gécamines.

— Kubwa vile?

— Kubwa, lakini moshi ilisha kuisha zamani.

Mama aliyekaa nyuma yangu alijifunika kitenge usoni akacheka hadi akakohoa. Nami nilicheka. Usiku ule nikirudi nyumbani nilianza kufikiri kwamba toleo hili la jarida, la mizaha ya Katuba, lazima liwepo.

Shemine hiyo ni bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, kilichoanza kazi mwaka 1911, pembeni ya kilima cheusi cha mabaki ya madini. Hakuna mtoto wa Lubumbashi asiyeweza kuichora. Ilipokuwa inatoa moshi, mshahara ulikuwepo, unga wa bukari, ugali wetu, uligawiwa, watoto walisoma shule za kampuni na kutibiwa hospitali za kampuni. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilizalisha takribani tani 476,000 za shaba. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 haikufika hata tani 50,000. Halafu mwaka 2003 ukaja mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa fedha kidogo na kuambiwa kwaheri. Baba aliyezoea kurudi nyumbani na gunia begani akaanza kukaa mlangoni mchana kutwa, na mama ndiye aliyekwenda sokoni kuuza makaa, vitumbua, chochote. Wapo watafiti walioandika vitabu vizuri juu ya hayo. Lakini sijawahi kukuta kitabu kilichosema kwa maneno machache namna hiyo kile kilichowapata wanaume wa mji huu vitandani mwao na mbele ya watoto wao. Kubwa, lakini moshi ilisha kuisha.

Wenzangu wawili katika kamati ya uhariri waliposoma maandishi ya kanda tulizorekodi waliomba tusafishe. Si kwa ubaya. Waliogopa kwamba walimu wataona aibu kuliweka jarida darasani, na kwamba msomaji wa pwani, aliyelelewa na methali na adabu ya kufumba, atatufunga kabla ya ukurasa wa 10. Walipendekeza pale penye matako tuandike sehemu za nyuma, penye kujamba tuandike kutoa hewa. Pia walitaka turekebishe sarufi: bantu iwe watu, ku paa iwe juu ya paa, banapotezaka iwe huwa wanapoteza.

Nilijaribu. Nilikaa na mzaha wa shemine asubuhi nzima nikiuvalisha suti. Nilipomaliza ulikuwa sahihi na ulikuwa maiti. Kile kiambishi kidogo mwishoni mwa banapotezaka kinabeba uchovu wa mtu aliyekwisha kupotezewa mizigo mara nyingi. Ukikiondoa, unabaki na taarifa. Tumeacha mdomo ulivyo. Kiswahili hiki cha Katanga, kilichokua katika kambi za migodi na nyumba za mabwana wa Kibelgiji, kimedharauliwa vya kutosha na watu waliokuwa wakikitumia kutoa amri.

Isitoshe, hatuvumbui kitu. Kwa miaka mingi watu wa Lubumbashi walikaa mbele ya redio, baadaye televisheni, kumsikiliza mwigizaji Mufwankolo na kundi lake wakiigiza kwa Kiswahili hiki hiki. Hawakuwa na maandishi mkononi. Walikubaliana juu ya kisa na mpangilio wa matukio, halafu kila mmoja akajitengenezea maneno yake papo hapo. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa mjini, akaandaliwa kuku, na mazungumzo yakafika kwenye firigisi: nani aile, na kama inagawanywa. Hapo akasikia msemo kwamba mamlaka huliwa mazima. Alipowapelekea Mufwankolo na wenzake swali hilo, hawakumpa jibu la mdomo tu. Walilifanyia mchezo mzima, wakaujadili, wakaurudia, wakaenda kuucheza katika kijiji cha Kawama ukarekodiwa kwa televisheni. Na hiyo ilikuwa Zaire ya Mobutu.

Nasisitiza firigisi kwa sababu ndipo mzaha wa Katuba unapokaa: tumboni na chini ya tumbo. Katika lugha yetu neno kula lina kazi nyingi. Mtu anakula bukari, anakula rushwa, anakula madaraka, na kuna kula kule kwingine ambako mzee anakohoa kwanza kabla ya kukutaja. Mchekeshaji akisema fulani anakula, kila msikilizaji anachagua maana yake, na mkubwa aliyekasirika hajui ashitaki ipi. Atakayetaka tuondoe uchafu wa mwili atakuwa ametuomba tuondoe siasa bila kujua.

Kenya, mtaa wetu wa jirani na si nchi, ulikuwa na kundi lililojiita Jeunes Comiques de la Kenya, yaani vijana wachekeshaji wa Kenya. Watu wakalifupisha kuwa Jecoke. Walikuwa waimbaji na wachezaji hodari, na mpiga gita Edouard Masengo alipitia mikononi mwao, lakini jina walilochagua lilikuwa la uchekeshaji. Hivyo mji ulikuwa tayari umeamua tangu wakati wa wakoloni kwamba anayechekesha ana cheo chake.

Sura ya katikati ya toleo inahusu mpira, na nusu yake inamhusu Kidiaba. Tarehe 14 Desemba 2010, Abu Dhabi, timu yetu TP Mazembe waliifunga Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Golikipa Robert Muteba Kidiaba alikaa chini akaruka-ruka kwa matako yake uwanjani, dunia nzima ikitazama. Fainali tulifungwa mabao 3 na Inter Milan, lakini nenda Katuba leo umwambie mtoto aonyeshe ushindi, utaona atakavyokaa. Wachekeshaji wetu wanalo igizo refu ambamo matako ya Kidiaba yanakwenda Ulaya peke yake, yanafika kwenye dirisha la viza, yanaulizwa maswali. Mtu atasema ni upuuzi. Mimi nimemwona mwalimu mstaafu akilia kwa kucheka kwenye lile swali la nne, kwa sababu ni swali aliloulizwa yeye.

Sasa habari za ajabu. Mji huu umeishi nazo tangu mwanzo. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa majumbani, aliandika kijitabu cha historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha hapa, na ndani yake batumbula wamo: wale walioaminiwa kuwakamata Waafrika usiku ili Wazungu wakawale. Pwani mliwaita mumiani, Nairobi na kwingineko wazimamoto. Ukuta wa kila sebule ulikuwa na picha ya mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki anayetajirisha na kudai malipo. Habari ya ajabu huja ikiwa imebeba hofu ya kweli kuhusu nani anayenenepa kwa damu ya nani. Swali ni mtu ataifanyia nini hofu hiyo ikishamfikia.

Mwaka 1995 Pemba, kisha Unguja, walikumbwa na Popobawa, aliyesemwa kuwaingilia watu usiku, wanaume pia, na kuwataka wakatangaze. Watu walilala nje kwa makundi, wakiota moto. Utani ulizuka hapo hapo, mzito, wa kitandani, usiochapishika katika gazeti lolote la wakati ule. Na katika siku hizo hizo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa mjini Zanzibar na umati uliomdhania kuwa ndiye. Sisemi utani ungemwokoa. Nasema tu kwamba, kati ya vinywa vilivyokuwa wazi siku zile, vile vilivyokuwa vinacheka vilikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Wachekeshaji wa kike ni wachache katika kurasa hizi, na hilo ni kosa letu. Tulikwenda kurekodi usiku, kwenye baa, wakati wanawake wenye maneno makali kuliko wote wako nyumbani au wamechoka. Tulipozinduka tukaenda sokoni mchana. Muuza unga mmoja, bila hata kuinua macho kutoka kwenye kopo lake la kupimia, alituambia kwamba bwana wa siku hizi ni kama bukari ya unga ya zamani: inavimba mu sufuria, inashuka mbele ya kufika ku meza. Toleo lijalo tutaanzia kwake.

Kuna vipande vitatu ambavyo hamtavikuta humu. Havikuwa na tusi hata moja. Havikutaja kiungo chochote cha mwili; mwalimu yeyote angeweza kuvisoma mbele ya wanafunzi. Vilikuwa vizuri kwa mpangilio, na waliokuwepo walicheka. Vilihusu watu wa Kasai, na katika vyote watu hao walikuwa bilulu.

Bilulu ni wadudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 neno hilo lilitoka kwenye mikutano ya siasa likaingia barabarani, na mikutanoni humo lilikuwa linachekesha. Watu walilipigia makofi. Mwaka 1992 na 1993 majirani waliozaliwa hapa, ambao wazazi wao waliletwa kutoka Kasai kujenga reli na kuchimba shaba, walifukuzwa majumbani kwa maelfu mengi. Walipiga kambi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi, wiki baada ya wiki, wakingoja treni, na wengi walifia hapo, watoto kabla ya wengine. Katuba, yenye familia nyingi za asili ya Kasai, inakumbuka kila kitu.

Sikatai utani wa makabila. Katuba haiwezi kuishi bila huo: Mkasai ataulizwa habari za mbwa wa jirani aliyepotea, naye atamjibu Mkatanga kwa jambo zito zaidi, na watakunywa chupa moja. Humo toleoni umejaa. Katika utani huo anayetaniwa yupo, ana mdomo, anarudisha. Katika vile vipande vitatu hakukuwa na wa kurudisha, kwa sababu mdudu hajibu. Mchekeshaji wa vipande hivyo ni kijana, alizaliwa baada ya mambo hayo. Tulikaa naye jioni nzima tukamweleza. Alinyamaza sana, kisha akaomba vingine vyake vibaki, na vimebaki, pamoja na kile cha kujamba kanisani ambacho wenzangu walikitaka kiondoke.

Kabla ya kuamua nilimchezea shangazi kanda zote. Yeye aliondoka Likasi kwa treni mwaka 1993 akarudi miaka kumi baadaye. Ni mtu wa kanisa, na nilikuwa na wasiwasi na shemine. Alipoisikia alinipiga bega, akaniambia, rudisha nyuma, mwanangu, rudisha, akacheka tena kama mara ya kwanza. Kisha kanda ikaendelea, nikachelewa kuizima. Shangazi akainuka, akasema anakwenda kutazama mbabula, jiko letu la makaa. Mbabula ilikuwa haijawashwa.