Bima Imfikie na Asiyeumwa

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha wananchi kwamba kinga hutangulia tiba. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 haina budi kufuata mkondo huo, hasa kwetu Magu na visiwani, penye kichocho cha tumbo.

Ugonjwa huu hauna haraka. Mvuvi huupata majini, penye konokono, akaendelea na kazi yake miaka mingi huku mayai ya minyoo yakimharibu ini. Siku atapikapo damu ndipo kadi ya bima hutafutwa, naye akavushwa hadi Bugando. Ilhali kipimo cha choo kikubwa kwa hadubini kingeweza kuugundua mapema, na vidonge vya prazikwanteli vikaua minyoo hiyo.

Watoto hupewa vidonge hivyo shuleni. Ni jambo jema. Lakini mvuvi na mama afuaye nguo ziwani hawako darasani. Ndugu viongozi, andikeni wazi katika mafao ya bima kwamba mkazi wa mwambao na visiwani atapimwa kila mwaka hata kama haumwi, tena katika zahanati iliyo karibu naye, maana nauli ya mtumbwi peke yake humshinda.