Tangazo Lisilosomwa

Ndugu wanachama,

Msimu uliopita tulipeleka katika kundi letu la WhatsApp tangazo la kugawa miche ya mikarafuu. Lilikuwa refu, limeshonana tangu juu hadi chini, limejaa salamu, shukrani na habari za kikao. Siku na mahala pa kugawia tukaviweka mwisho kabisa. Siku ilipofika walikuja wachache. Miche iliyobaki ilikaa katika viriba vyake, na mingine ikanyauka. Wengi walituambia kuwa tangazo waliliona, lakini hawakulisoma.

Twakiri kwamba kosa ni letu sisi tulioandika, wala si lao.

Wako wazee wetu wasemao kuwa kizuri chajiuza, na maneno ya kweli hayahitaji mapambo. Twawaheshimu, lakini hapa hatuafikiani nao. Hakuna mkulima mwema apelekaye karafuu mzaniani pamoja na makonyo yake. Huchambua kwanza na kuanika, ndipo mnunuzi akaona anachokinunua. Kuchambua si kupamba. Na maneno nayo yataka kuchambuliwa.

Basi twaona yafaa kufuata haya. Kwanza, lililo kubwa litangulie: siku, saa na mahala, kila kimoja katika mstari wake. Katika WhatsApp, neno likitiwa alama ya nyota kila upande hutoka kwa herufi nene. Lakini yakinenepeshwa maneno yote, hapana litakaloonekana. Facebook nayo huficha sehemu ya maandishi marefu mpaka msomaji abonyeze, kwa hiyo mistari ya mwanzo ndiyo mlango wa nyumba.

Pili, aya ziwe fupi, na baina yake iachwe nafasi, kama tuachavyo baina ya mkarafuu na mkarafuu.

Tatu, picha iwe moja, nayo iwe ya kwetu: majamvi yetu, miche yetu. Kuonyesha karafuu za mwengine kama kwamba ni zetu ni uongo, na uongo huharibu soko.

Nne, herufi ziwe nyeusi juu ya nyeupe. Herufi za manjano hupendeza chumbani, lakini sisi simu twaisomea shambani, juani.

Tahadhari moja. Wapo wanaoandika tangazo zima ndani ya picha. Picha hula bando kuliko maandishi. Tena simu ya asiyeona yaweza kumsomea maandishi kwa sauti, lakini yaliyomo ndani ya picha mara nyingi huyapita kimya. Huyo naye ni mwanachama, na ada hulipa kama sisi. Yaliyo muhimu yaandikwe nje ya picha pia.

Twawaomba waandishi wa matawi washike njia hii, na mwenye simu amsomee jirani asiyekuwa nayo. Tangazo la mgao ujao wa miche litakuwa na mistari mitano. Likizidi, turudishieni.

Wasalaam,
Katibu