Anzia Kampala

Toleo hili ni la muziki wa kielektroniki, na kila kijana wa Bukoba au Muleba aliyesikia tunaliandaa alitaka kujua jambo moja: aanze na albamu ipi? Wajuzi watampeleka Ujerumani kwa Kraftwerk, au Dar es Salaam kwenye singeli. *Sounds of Sisso* ya 2017 si ya kubezwa, ila mbio zake humchosha mgeni kabla hajajua anasikiliza nini.

Mimi namvusha Mutukula, nampeleka kwa Nihiloxica wa Kampala. Ni wapigangoma waliotoka Nilotika Cultural Ensemble, pamoja na Waingereza wawili, mmoja kwenye dramu na mwenzake kwenye sinthesaiza. Engalabi, empuunyi, ensaasi: ngoma na manyanga ya Kiganda. Aliyekulia kwenye omutoro hatajiona mgeni hapo.

Aanze na *Kaloli*, ya 2020. Najua kuna albamu fupi mbili zilizoitangulia, ya 2017 na *Biiri* ya 2019, na wapo mashabiki wanaotaka kila kitu kifuatwe kwa mpangilio wa miaka, utadhani ni mtaala. Zisikilizwe baadaye. Kwenye *Kaloli* ndipo ngozi na umeme vinapoviziana hasa: kiganja kinaipiga engalabi, mlio mkavu, mfupi; chini yake sinthesaiza inanguruma, inapanda taratibu, mpaka unashindwa kujua kipi kinamfukuza mwenzake. Jina ni la yule korongo mla taka aliyejaa Kampala, ambaye hapa Bukoba tunamwona ufukweni akisubiri matumbo ya samaki. Albamu ina tabia yake: nzito, haina papara, haijipendekezi kwa mtu.

*Source of Denial* ya 2023 ni kazi kali, labda kali kuliko zote. Imezaliwa na hasira ya viza, na ndani yake sauti za kompyuta zinahoji kama ofisa wa uhamiaji. Lakini kumwanzishia mtu hiyo ni kumpa mgeni enkonyagi kabla hajaonja lubisi.

Sharti langu ni moja: asisikilizie kwenye spika ya simu. Empuunyi yote itapotea, abaki na kelele za juu tu, kisha aje kutulaumu. Aende saluni yenye besi.

Wazee wetu kadhaa wameniambia muziki huu hautuhusu. Mwaka 2016 Diamond Platnumz aliuchukua wimbo wa Saida Karoli, ukarudi Kagera umepitia kompyuta, na kwenye harusi sikuona aliyebaki kitini.

Mwandishi wa makala ya pili hakubaliani nami; anashikilia kwamba mlango ni singeli, tena ile ya kasi zaidi. Makala yake sijaipunguza hata aya moja.