Kiongozi wa AMCOS, Andika Hesabu Ubaoni



Msimu wa korosho ukikaribia, viongozi wengi wa vyama vya msingi huitisha mkutano na kusema: "Tushirikiane, tusiuze kangomba." Wanachama hupiga makofi. Wiki mbili baadaye korosho zinapimwa usiku nyuma ya nyumba, kwa bei ya kutupa.

Wengi husema mkulima ana tamaa. Mimi sikubaliani. Anayechukua bei ndogo leo ana shida ya leo, ada ya mtoto au mgonjwa, na hiyo bei kubwa hajaambiwa ataipata lini. Mnunuzi wa kangomba humwambia mambo mawili tu: bei ni hii, pesa ni hizi hapa. Chama humjibu, "Subirini, taratibu zinaendelea." Hapo nani atasikilizwa?

Tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho mwaka 2007, safari ya mzigo imekuwa ndefu: chama cha msingi, ghala kuu, mnada, malipo ya mnunuzi, kisha benki. Njiani kuna makato. Mwanachama akikuta pesa pungufu bila maelezo, ataamini ameibiwa, hata kama hakuibiwa.

Kwa hiyo wewe kiongozi, fanya haya:

1. Piga hesabu mbele ya watu. Mfano tu: kilo 300 kwa shilingi 2,500 ni 750,000. Makato yakiwa shilingi 200 kwa kilo, ni 60,000. Mkononi zinabaki 690,000. Taja kila kato na linakokwenda, kisha ziache hesabu hizo kwenye ubao wa ghala.

2. Toa habari mbaya siku hiyohiyo. Malipo yakichelewa, sema yamekwama wapi na lini utatoa taarifa nyingine. Siku hiyo ikifika, toa taarifa hata kama huna jipya.

3. Usiulize, "Mmeelewa?" Kila mtu ataitikia ndiyo. Mwombe mama mmoja na kijana mmoja waeleze walivyoelewa. Wakikosea, rudia kwa maneno mengine.

4. Sifu kazi inayoonekana. Aliyeleta korosho zilizokauka vizuri na kuchambuliwa, mpe nafasi aeleze alivyofanya. Jirani yake atamwiga yeye haraka kuliko hotuba yangu au yako.

Najua wapo wanaosema, "Tukitaja makato yote, watagoma." Watayajua tu siku ya malipo, na hasira ya siku hiyo ni kubwa zaidi. Afadhali wakubishie mkutanoni, kabla mzigo haujapimwa, kwa sababu bado mnaweza kurekebisha.

Nawe mwenye duka unayekopesha salfa au mbegu, kanuni ni ileile. Andika bei, kiasi na siku ya kulipa, kila mmoja abaki na nakala yake.

Na wewe mwanachama, usikae kimya. Kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, mkutano mkuu ndio wenye mamlaka ya juu katika chama. Hudhuria, tunza risiti ya kila mzigo, na kabla ya msimu kufunguliwa uliza swali moja: "Mwenyekiti, kwa kila kilo, mkononi mwangu itabaki shilingi ngapi?" Usiondoke kabla jibu halijaandikwa ubaoni.