TUSIMUUE MSHENGA WA KAHAWA

Ndugu wanachama,

Nasikia maneno yanazunguka kijijini, eti mvua ikinyesha na kahawa ikichanua tutoe mabomba sote, tupige dawa mashamba yote kwa siku moja. Tena wale nyuki walioko kwenye mti nyuma ya ghala wachomwe moto. Mimi nasema hapana, na sababu zangu ni hizi.

Tuanze na vanila, maana jasho lake tunalijua. Ua lake hufunguka asubuhi, na kabla ya jioni limeshanyauka. Usipolichavusha kwa mkono siku hiyo hiyo, ganda hupati. Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu vanila ni mgeni hapa kwetu Kagera. Kwao ni Mexico na nchi za jirani, na huko wako wadudu wanaolijua ua lake. Watu walipoupeleka mmea ng'ambo, mdudu wakamwacha. Katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, mmea ulistawi lakini mavuno hayakuonekana. Mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alionyesha kwamba kwa kijiti na kidole gumba unaweza kuinua kile kiwambo kidogo ndani ya ua, ukagusanisha sehemu ya kiume na ya kike. Ndiyo njia tunayoitumia mpaka leo. Wenye mashamba walitajirika, yeye akafa maskini mwaka 1880.

Ua na mdudu wake, ndugu zangu, ni kama kufuli na ufunguo. Huko Madagaska kuna ua la jamaa moja na vanila, lina mrija wa karibu sentimita 30, na maji yake matamu yako chini kabisa. Mwaka 1862 Charles Darwin wa Uingereza aliandika kwamba lazima yuko nondo mwenye ulimi mrefu kiasi hicho. Darwin alikufa mwaka 1882 bila kumwona. Mwaka 1903 wataalamu wakamtangaza nondo huyo. Hawakukaa kikao wakapatana, ua na nondo. Ua lenye mrija mrefu lilimlazimisha nondo kusogea mpaka akabeba chavua, na nondo mwenye ulimi mrefu alishiba zaidi. Kizazi baada ya kizazi wakavutana hivyo hivyo.

Sasa turudi kwenye robusta yetu. Mbuni wa robusta haujitungishi wenyewe. Lazima chavua itoke kwenye mbuni mwingine. Upepo husaidia, lakini nyuki naye ni mshenga, anatoka huku anakwenda kule. Na maua yenyewe husubiri mvua, yakafunguka karibu yote pamoja, siku chache tu yamekwisha. Sasa wewe siku hiyo hiyo unampiga mshenga dawa! Harusi itafungwa na nani? Maboga nayo ni hivyo, ua dume mbali, ua jike mbali. Ndizi haina haja ya mdudu, hiyo nakubali. Lakini hatuishi kwa ndizi peke yake.

Wadudu waharibifu wapo, sikatai. Ila dawa haiulizi nani rafiki na nani adui. Kwa hiyo napendekeza:

1. Pasipigwe dawa wakati maua yako wazi. Tumwone kwanza Bwana Shamba, na ikibidi kupiga wakati mwingine, iwe jioni nyuki wakiwa wamerudi kwao.

2. Nyuki wa nyuma ya ghala wahamishwe na wenzetu wafugaji, wawekwe mizingani pembezoni mwa shamba. Asali nayo ni mali.

3. Kichaka cha kule mtoni kisifyekwe chote. Kahawa ikimaliza kuchanua, nyuki wanakula huko.

Maua ya vanila tunayashika moja moja, na bado mgongo unauma. Mbuni mmoja una maelfu ya maua. Mshenga wa kahawa akitutoka, hakuna mkono wa mtu utakaoweza kazi yake.

Naiomba Halmashauri iliweke jambo hili kwenye mkutano ujao, kabla mvua hazijaanza.

Ushirika ni nguvu.

Mimi mkulima mwenzenu.